Paka Waliopelekwa Walikale

Mama yangu, Mukandori, hakumwogopa mtu yeyote, lakini paka aliwaogopa, na kwa kuwa hakutaka ijulikane, aliwatukana. Kila asubuhi alisimama mlangoni na kijinga cha moto mkononi, akawatukana wao na mama zao, nao wakamtazama kutoka juu ya ghala la maharagwe kwa utulivu wa wakwe waliokuja kukaa.

Hawakuwa paka wetu. Walikuwa wa mzungu mmoja aliyelima pareto chini ya kilima chetu, yale maua meupe yanayokaushwa na kusagwa yawe dawa ya wadudu. Nilipokuwa msichana niliyachuma pamoja na wenzangu, tukarudi nyumbani tukipiga chafya njia nzima. Halafu mzungu akapata hasara, akauza mashine zake akaondoka, akawaacha paka katika banda la kukaushia. Banda likaanguka. Paka wakazaana, wakapanda kilima, wakakuta kwetu kuna panya wengi na mwanamke mmoja mwenye kelele, wakaona wamefika. Kuwaua hatukuweza, maana kwetu kuua paka ni kujiitia mkosi. Mama akabaki na ulimi wake tu.

Haya yote yangekuwa kichekesho cha majirani kama tusingekuwa na bibi arusi ndani.

Ilikuwa miaka michache kabla ya uhuru wa Kongo. Mdogo wangu Athanase alikuwa ameoa Verdiane, binti wa kijiji cha Mushaki, na kabla hata ya vyungu vya pombe kukauka kampuni ya mgodi ilimwita arudi kazini, kule msituni upande wa Walikale. Kampuni haijui arusi. Athanase akapanda lori, na Verdiane akabaki katika nyumba ndogo iliyojengwa kando ya nyumba ya mama. Padri alikwisha kusema atawafungisha ndoa Athanase akipata likizo. Lakini kabla ya padri kuna desturi, na desturi yetu ilikuwa hivi: bibi arusi hukaa ndani. Halimi, hapiki, hagusi ufagio. Akitoka kwa haja zake hutoka amefunikwa kitambaa kichwani. Anakunywa maziwa, ananenepa, ngozi inang'aa, mpaka watu wa kwao waje wamfunue mbele ya wote na kuona kama ametunzwa. Na zile nyasi zilizotandikwa sakafuni siku alipoingia hazitolewi, wala vumbi halipelekwi nje, mpaka siku hiyo ya kumfunua. Ukifagia mapema, umemfagia bibi arusi mwenyewe.

Mimi ndiye niliyewekwa kukaa naye. Jina langu Emérita. Nilikuwa nimerudi nyumbani kutoka kwa mume.

Mume huyo aliitwa Hakorimana, wa kilima cha pili. Mwaka wa kwanza alinipiga kwa sababu ya chumvi kuzidi, kwa sababu ya kuchelewa kisimani, kwa sababu ya kumjibu. Mwaka uliofuata aliacha kutafuta sababu. Nilipofika kwetu mkono wangu wa kushoto haukuweza kuinua mtungi. Mama aliutazama, akaukanda kwa majani ya moto, akasema, "Tutaona." Hakuniuliza hata neno moja. Baba alikuwa amekwisha kufariki, na baba mdogo, mzee Sebahire, ambaye ndiye aliyesemea ukoo wetu, alikuwa wa wale wa funika kombe mwanaharamu apite.

Na kitu cha kuona, kile alichosema mama, kilijulikana na kila mtu kilimani. Ng'ombe ambao Hakorimana alitoa ili anioe mimi ndio hao hao waliopelekwa Mushaki ili Athanase amwoe Verdiane. Wengine hatukuwa nao. Verdiane akikaa, ng'ombe wanabaki Mushaki, na mimi narudi kwa Hakorimana. Verdiane akichukuliwa na watu wake, ng'ombe wanarudi, Hakorimana anapewa wake, na mimi nabaki. Sebahire alikwisha kupanga: siku ya kumfunua bibi arusi Hakorimana atakuja na pombe kama shemeji mwema, na wageni wakiondoka, mimi nitaondoka naye.

Kwa hiyo nilipoketi na Verdiane siku ya kwanza katika kile chumba chenye giza, nilimchukia. Alikuwa msichana mzuri, mwenye shingo ndefu na macho ya kucheka, na mimi nilimtazama nikimwomba Mungu ampe hamu ya kwao.

Paka nao walimpenda. Nyumba yake ilikuwa na joto na nyasi nene, basi walikuja kulala humo mchana kutwa, mmoja juu ya mwenzake, na Verdiane aliwakuna masikio kwa kidole cha mguu kwa sababu hakuwa na kazi nyingine. Siku moja mama aliingia kuleta maziwa akaona kitu cheusi kikiruka kutoka mgongoni mwa paka jike mwenye mimba. Akaweka kibuyu chini.

"Viroboto," akasema.

"Viko vichache, Mama," Verdiane akamjibu. "Havinisumbue."

"Leo havikusumbue. Wa kwenu wakija, kimoja kiruke ku muguu ya mama yako, nitaweka sura wapi?"

Siku zilizofuata mama alifanya kazi ya kukamata paka na akasahau kabisa kwamba anawaogopa. Aliweka vipande vya samaki mkavu ndani ya vikapu vya kubebea kuku, akajificha nyuma ya mgomba, akavuta kamba. Mikono yake ilichanwa mpaka kwenye viwiko. Alipowapata wote, hata yule mwenye mimba, alivifunga vikapu kwa kamba za migomba na tukateremka barabarani, pale ambapo lori la mfanyabiashara mmoja lilisimama kupakia maharagwe ya wafanyakazi wa mgodi. Dereva aliitwa Evode, mtu mpole aliyekuwa na haraka sikuzote.

"Papa Evode," mama akamwambia, "umubebee mutoto wangu Athanase zawadi hii."

"Zawadi gani yenye iko inalia, Mama?"

"Ni paka. Kule ku mugodi panya haziwakule mpaka vidole? Ao nadanganya?"

"Haudanganye. Lakini kamyo iko ya maharagwe."

"Njo vizuri. Paka hazikulake maharagwe."

Evode alikuna kichwa, akatazama jua, akaona kubishana na mama kutamchelewesha zaidi kuliko kubeba paka. Vikapu vikapanda juu ya magunia. Lori likanguruma, likashuka upande wa msitu, na kwa muda tulisikia paka zaidi kuliko tulivyosikia injini. Mama alipanda kilima akiimba wimbo wa Bikira Maria. Ninaweza kusema sikuwa nimemwona na furaha kama ile tangu baba afariki.

Furaha haikukaa. Kwanza ulikuwa utulivu, na mama akatandika nyasi mbichi juu ya zile za zamani, akiwa makini asitoe hata ujani mmoja wa chini, ili mambo yapendeze. Halafu asubuhi moja Verdiane akanyanyua kanga yake kidogo akanionyesha vifundo vya miguu. Vilikuwa na vidoa vyekundu pande zote.

"Emérita, nyasi iko inatembea," akasema.

Niliinama nikaitazama. Ilikuwa inatembea kweli. Ukiweka mkono karibu, viroboto waliruka kutoka chini kama mchele unaopepetwa, wengi, wadogo, wenye njaa. Nikautoa mkono, nao wakabaki juu yake.

Tangu siku hiyo hakuna aliyekaa kitako katika nyumba ile. Tulikaa tukasimama, tukasimama tukatembea, na mahali pa kutembea palikuwa kuizunguka nguzo ya katikati tu. Verdiane alizunguka upande mmoja na mimi upande mwingine, tukapishana, tukapishana tena, tukikung'uta nguo. Alijikuna mgongo kwenye nguzo mpaka ikang'aa. Ukimwua mmoja kwa kucha, watatu walikuwa kwenye goti. Kulala kulikuwa kugeuka. Kula kulikuwa kuruka. Hata sala tulisali tukihamahama, na naamini Mungu alisikia nusu nusu.

Bibi arusi aliyepaswa kunenepa akaanza kukonda. Maziwa hayakumkaa kwa sababu usingizi haukumkaa. Mama alimwaga majivu. Akasiliba kizingiti kwa mavi ya ng'ombe. Akafukiza majani mpaka tukatokwa na machozi, sisi na si viroboto. Kufagia hakuthubutu. Kila siku aliingia, akaitazama miguu ya Verdiane, akatoka, na kutoka nje nilimsikia akijitukana kwa yale matusi aliyozoea kuwapa paka.

Siku moja akaja jirani yetu Dancille kuomba moto. Alisimama mlangoni, akatuona tukirukaruka, akasikiliza kisa cha paka na lori mpaka mwisho, kisha akacheka kwa kushika kiuno.

"Mukandori, uliondoa sahani ukaacha wakulaji," akasema. "Viroboto vilikuwa vinakulaka paka. Sasa paka ziko Walikale. Wao watakula nani?"

"Paka njo zilileta viroboto."

"Zilileta, na zilikuwa zinavilisha. Mayai yalibakia mu nyasi. Ungeacha hata paka moja ya kuvibeba."

Mama alimpa moto haraka ili aondoke. Lakini neno lilimwingia. Jioni ile alichukua mkeka wake akautandika katika nyumba ya Verdiane, si pembeni, bali katikati ya nyasi, pale ambapo paka walikuwa wanalala. Alipandisha kanga yake mpaka magotini, akajilaza, akafumba macho. Nilidhani amekuja kutulinda. Asubuhi nilipoiona miguu yake ndipo nilipoelewa kuwa amekuja kuwa sahani.

Alifanya hivyo kila siku mpaka wageni walipofika. Viroboto walimpunguzia Verdiane kidogo, kidogo tu. Na mimi nitasema nilichohisi, maana hakuna wa kunizuia: niliungua. Kwa ajili ya binti wa Mushaki mama alitoa miguu yake miwili iliwe. Kwa ajili yangu alitoa majani ya moto na neno "tutaona". Nililala upande wa ukuta nikijikuna na kulia, na ukiniuliza kipi kiliniuma zaidi, sikujua.

Lakini ni vigumu kuendelea kumchukia mtu unayemkuna mgongo. Tulikuwa na gunzi la mahindi kwa kazi hiyo. Nilimkuna Verdiane, Verdiane akanikuna mimi, kwa zamu, tukielekezana: juu, chini, hapo, ongeza. Alikuwa na kipaji cha kuwaigiza watu. Alimwigiza Sebahire akitoa hotuba, akiigiza mpaka ile namna yake ya kumeza mate kabla ya neno "ukoo", na nilicheka hata nikakaa kitako bila kujua, nikaruka tena. Siku moja gunzi lilipita juu ya bega langu la kushoto nikashtuka. Akalisimamisha.

"Ni pale alikupiga?"

"Nani alikuambia?"

"Hakuna mwenye aliniambia. Mukono yako njo inasema." Akanikuna polepole mahali pengine. "Ng'ombe zako ziko kwetu, Emérita. Najua. Mimi nikienda, wewe unabaki. Nikibaki, wewe unaenda."

Nilikuwa nimeliweka neno lile moyoni kwa siku nyingi nikidhani ni siri yangu, kumbe tulilala nalo wote wawili.

"Na wewe, unataka nini?" nikamwuliza.

"Athanase iko muntu muzuri," akasema. "Namutaka. Lakini nataka pia kukaa chini, hata kidogo tu."

Kesho yake nilishuka mpaka kwenye shamba la mzungu. Pareto bado iliota yenyewe kati ya magugu. Nilichuma maua mpaka kitambaa kikajaa, nikayakausha juu ya dari la jikoni, juu ya moto, kwa sababu mvua ilikuwa hainyamazi, nikayasaga kwa jiwe. Ulitoka unga wa manjano, na harufu yake ikanirudisha kwenye usichana wangu. Nilikuwa nimeamua. Nilijua ninachokifanya na nani atalipa, na bado nilikuwa nimeamua, kwa sababu sikuweza tena kumwona mtoto wa watu akiizunguka ile nguzo.

Mama alinikuta mlangoni na bakuli.

"Ni nini ile?"

"Unga wa pareto. Tutaunyunyiza mu nyasi, viroboto vitakufa."

Akaninyang'anya bakuli. "Unga? Mu nyumba ya bibi arusi? Mama yake akiingia akute unga pale mutoto wake analala, atasema tulimulisha dawa. Watu wanawekaka unga pale wanataka kuua muntu, Emérita. Mimi mama wa kijana, njo nitaonekana mulozi."

Alisema kweli, na ndilo jambo lililoniudhi. Kwetu mtu akikuta unga usiojulikana penye kitanda cha bibi arusi, haulizi ni wa nini. Mama akaumwaga nyuma ya zizi. Nilikasirika, kisha nikaona kuna pembe ya moyo wangu iliyofurahi, nikaikasirikia pembe hiyo pia.

Mgeni njoo, mwenyeji apone, wanasema. Sisi tuliomba wageni wachelewe, lakini walifika siku ile ile waliyosema, wametembea kutoka Mushaki na vikapu vya unga wa mtama na vibuyu vya maziwa. Mbele alikuwa mama yake Verdiane, Nyiraneza, mwanamke mfupi, mkimya, mwenye kutazama. Mvua ilianza walipoingia uani, hivyo hatukuweza kukaa nje kama tulivyopanga. Ikabidi wote waingie katika nyumba ya bibi arusi, wakakaa juu ya nyasi zile.

Nilimwona mama akifunga macho.

Hakorimana naye alikuwapo, amekaa karibu na mlango na chungu chake cha pombe ya ndizi, amevaa koti. Alinisalimia mbele ya watu kwa sauti tamu. "Mama wa nyumba yangu," aliniita. Nilikwenda kusimama upande mwingine.

Sebahire akaanza kusema. Na hapo nikaona jambo ambalo sitalisahau. Viroboto wamekaa na njaa, na ghafla nyumba imejaa miguu. Nilimwona mzee mmoja wa Mushaki akishtuka, akatazama chini, kisha akatazama juu haraka. Akafuata wa pili. Wakafuata wanawake. Lakini mgeni hajikuni katika nyumba ya wakwe. Kujikuna ni kusema: nyumba yenu ni chafu. Na mwenyeji hajikuni mbele ya wageni, maana atakuwa amekiri. Basi wote walikaa wima, mikono juu ya magoti, nyuso zimekazana, jasho likiwatoka, na Sebahire akasifu koo zote mbili akimeza mate mahali pasipostahili. Alipofika kwenye neno "undugu" mguu wake wa kulia ulipiga sakafu wenyewe. Hakuna aliyecheka. Verdiane chini ya kitambaa chake alikuwa akitetemeka, na mimi niliyemjua nilijua si kilio.

Sebahire alikata hotuba yake, jambo ambalo halijawahi kutokea, akasema, "Basi, tumufunue."

Nyiraneza akainuka, akaondoa kitambaa. Akamtazama mwanawe usoni. Akapitisha mikono juu ya mabega, akashuka mpaka mikononi, na uso wake ukaanza kubadilika. Akapiga magoti, akainua upindo wa kanga ya Verdiane mpaka chini ya magoti. Vidoa, vidonda, magamba, mikwaruzo ya kucha. Akakaa hapo chini, ameushika ule mguu mapajani mwake.

"Nilimuleta hapa na ngozi yake," akasema bila kuinua sauti. "Iko wapi?"

"Mama, ni viroboto tu," Sebahire akasema. "Ni za paka."

"Paka iko wapi?"

"Paka zilienda Walikale."

Mtu mmoja nyuma akapasuka kicheko, akajizuia. Nyiraneza hakucheka. Akaufunika mguu taratibu.

"Mutoto wangu hatakuliwa na mimi niko naangalia," akasema. "Simama, Verdiane. Ng'ombe zenu zitarudi."

Moyo wangu uliruka. Nisiseme uongo: uliruka kwa furaha. Nilimtazama Hakorimana nikaona uso wake unaanguka, maana alitaka mtu wa kumlimia na wa kumpiga, si ng'ombe. Nilijiona nikichota maji kisimani kwetu, asubuhi nyingi, bila mtu nyuma yangu.

Mama akajitokeza katikati. Mbele ya wakwe, mbele ya wanaume, yule Mukandori ambaye hata kifundo chake cha mguu hukukiona kanisani, akapandisha kanga yake mpaka magotini. Miguu yake haikuwa na mahali pazima.

"Mama Nyiraneza, paka nilizifukuza mimi, na ujinga ni wangu," akasema. "Kufagia desturi ilikataza. Nililala pale katikati kila siku ili zikule mimi, zimuache yeye. Haikutosha. Lakini sikuwa naangalia tu."

Nyiraneza aliitazama ile miguu. Kisha akainuka, akaiteremsha kanga ya mama yangu kwa mikono yake mwenyewe, akaitengeneza vizuri kiunoni, akarudi kukaa.

Ndivyo lilivyokwisha. Mwanamke aliyetoa miguu yake hanyang'anywi mkwe. Watu wakapumua, Sebahire akasema "Asante kwa Mungu", na nilimsikia Hakorimana akisogeza chungu chake cha pombe katikati kwa furaha. Ndani yangu kila kitu kilikaa chini. Nilianza kufikiria ni nguo zipi nitazibeba.

"Nitabaki," Verdiane akasema. "Lakini Emérita asiende."

Sebahire akageuka. "Bibi arusi hasemake siku ya leo."

"Mumenifunua, Papa. Sasa niko nasema." Akaigusa miguu yake. "Mimi nilikuliwa na viroboto, wamama wawili wamesimama kunitetea. Emérita alikuliwa na muntu. Nani alisimama?"

Watu wa Mushaki walitazamana, kisha wakatazama mkono wangu wa kushoto, kisha wakamtazama Hakorimana, maana haikuwa vigumu kujua ni mtu gani.

Hakorimana akasimama, akajitengeneza koti. "Hayo ni maneno ya ndani ya nyumba yangu," akasema. "Emérita, chukua vitu vyako. Mvua inapungua."

Nami nikasogea. Hilo ndilo linalonitia uchungu mpaka leo, kwamba miguu yangu ilimtii kabla ya kichwa changu. Nilikuwa nimefika karibu na mlango wakati mama alipokuja akasimama kati yangu na yeye.

"Kaa," akaniambia mimi. Kisha akamgeukia. "Wewe uende peke yako."

"Na ng'ombe zangu, Mama?"

"Ng'ombe inatafutwaka, Hakorimana. Nitalima, Athanase atafanya kazi, tutazitafuta mpaka tuzipate. Mutoto nikikupatia tena, nitakuja kumutafuta wapi?"

Hakorimana alimtazama Sebahire, lakini Sebahire alikuwa akiitazama sakafu. Akawatazama wageni, na Nyiraneza akasogea kidogo kando kumpisha apite. Akatoka katika mvua. Hakuna aliyemsindikiza.

Mama akanigeukia. Akaushika mkono wangu wa kushoto, ule mbovu, akaushika kwa mikono yake miwili mbele ya wakwe na mbele ya ukoo, na akaniuliza.

"Alikufanya nini, mutoto wangu?"

Nikamwambia. Nilisema yote, tangu chumvi, na hakuniachia mkono mpaka nilipomaliza.